Bastola ya .45 kwenye chumvi ya Tanga: nibadilishe nini, niache nini?

Mkonge wa Pongwe aliuliza:

Assalaam alaykum wana jukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Nina bastola moja ya kaliba (yaani upana wa mtutu) .45, nusu otomatiki, muundo wa Colt 1911, ile ndefu yenye mtutu wa inchi 5. Ni yangu kwa leseni, namba yake imeandikwa, ada ya mwaka nimelipa, na inalala kwenye sefu iliyofungwa ukutani. Haya nayasema mapema ili asije mtu akaniuliza nimeitoa wapi. Nafanya kazi Pongwe lakini nyumba iko Raskazone, na hapo ndipo shida inapoanzia. Ukikaa barazani jioni, ukipitisha kidole kwenye nondo za dirisha unaonja chumvi.

Juzi nimefungua vibao vya pembeni mwa mshikio ili nisafishe, nikakuta madoa ya kahawia chini yake, pembeni ya matundu ya skrubu. Juu, ile rangi nyeusi ya bluu imeshaanza kuondoka kwenye kingo za slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele), mahali inapoingia na kutoka kwenye ala. Bado haijachimba, lakini sipendi ninachokiona. Hii ni bastola nzuri, imeundwa kwa chuma kitupu, haina plastiki hata kidogo, na mimi naipenda kwa hilo hilo.

Sasa kwa kuwa lazima niishughulikie, nimeona bora niifanyie maboresho yote kwa pamoja. Mkono wangu mdogo, kidole gumba hakikifikii kitufe cha kuachia magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mshikio) mpaka nizungushe bastola kiganjani. Vilengeo vyake ni vidogo vya kizamani, jua la mchana likiwaka pale uwanjani sioni kitu. Kifyatulio nakiona kizito. Na teke lake, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma ikipiga, baada ya magazini kadhaa, linachosha kifundo cha mkono.

Nimepewa ushauri wa kila aina. Mmoja anasema niweke springi nzito zaidi ya kurudisha slaidi ili kupunguza teke. Mwingine anamjua fundi wa gereji ambaye "anaweza kukichonga" kifyatulio kikawa laini. Binamu yangu ndiye amenichanganya kabisa: anasema niachane nayo niombe kibali cha Desert Eagle, ile bastola kubwa ya kaliba .50. Mimi nataka pia vibao vya mpingo badala ya hivi vya raba, maana mpingo ni wetu na utakaa vizuri kwenye chuma cheusi.

Wenye uzoefu wa silaha kubwa hapa pwani, nisaidieni. Nianze na lipi, na lipi nisiliguse?

---

Kijana wa Chuda:

Kaka, mimi nipo upande wa binamu yako. Ukishashika .50 hutarudi kwenye .45. Ni silaha ya heshima, ukiiweka mezani kila mtu ananyamaza. Kuhusu kutu, kwetu tunapaka mafuta ya nazi tu kwenye mapanga na majembe na hayana neno. Paka mafuta ya nazi, futa, maliza.

---

Fundi Mstaafu, Sahare:

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri na umetaja leseni mwanzo, nimefurahi. Nimezitengeneza silaha hizi kwa miaka mingi ya utumishi, nyingi zikiwa za pwani, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu.

Kwanza tumalize habari ya .50, maana isipomalizwa itaharibu mazungumzo yote. Desert Eagle ni kazi nzuri ya uhandisi, hilo silikatai. Lakini tazama hesabu. Risasi ya .45 ya kawaida ina kichwa cha greni 230, yaani karibu gramu 15, na inatoka kwa mwendo wa mita 250 hivi kwa sekunde. Hiyo ni polepole kuliko sauti. Nguvu yake ni karibu jouli 480. Kichwa cha .50 kina karibu gramu 19 na kinakimbia mita 450 kwa sekunde, jouli zinakaribia 2,000. Ni mara nne! Wewe umeandika kwamba .45 inakuchosha kifundo, halafu binamu anakupeleka kwenye mara nne. Bastola yenyewe ina uzito wa kilo 2 ikiwa tupu, mshikio wake ni mnene kuliko huo unaokushinda sasa, na inaendeshwa kwa gesi inayopitia kitundu chini ya mtutu, kama bunduki. Ukitumia risasi zenye vichwa vya madini ya risasi visivyovikwa shaba, kitundu kinaziba. Hapa Tanga hata .45 yenyewe haipatikani kirahisi kama risasi ndogo za 9 mm, sasa hiyo .50 utaitafutia wapi? Silaha usiyoweza kuifanyia mazoezi haikufai, hata iwe ya bei gani.

Na kwa faida ya wasomaji wengine: msidhani .45 ina nguvu maradufu ya 9 mm. Kwa jouli zinakaribiana sana, na mara nyingi 9 mm inapita kidogo. Tofauti iko kwenye uzito wa kichwa, karibu maradufu. Ndiyo maana teke la .45 ni la kusukuma na la 9 mm ni la kugonga. Hilo la kusukuma linatibika kwa mshikio mzuri, na nitakuja hapo.

Mafuta ya nazi, Kijana wa Chuda, hapana. Panga linafutwa na kunolewa kila siku, bastola inakaa wiki nzima sefuni. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa mjini utadhani yako sawa, siku ukipanda nayo Lushoto usiku, yameganda ndani ya reli za slaidi kama samli. Tumia mafuta ya silaha, na yakikosekana kabisa, mafuta mepesi safi ya cherehani ni bora mara mia. Hiyo WD-40 ambayo watu wanaipulizia kila kitu iliundwa kufukuza maji. Inafaa bastola ikinyeshewa, lakini baada yake futa, kausha, weka mafuta ya kweli.

Sasa kutu. Ile bluu unayoipenda ni chuma chenyewe kilichogeuzwa ngozi kuwa oksidi nyeusi. Ni nyembamba mno. Kazi yake ya kweli ni kushika mafuta, na mafuta ndiyo yanayozuia chumvi. Mafuta yakiisha, bluu peke yake haikingi kitu. Kwa hiyo kabla hujalipa shilingi ya rangi mpya, badilisha jinsi unavyoihifadhi. Usiilaze ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inatengenezwa kwa kemikali na inanyonya unyevu na jasho lako, halafu inaukumbatisha kwenye chuma usiku kucha. Kasha lenye sponji nalo ni hivyo hivyo. Ilaze wazi juu ya kitambaa kikavu chenye mafuta kidogo, na ndani ya sefu weka vijifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Vile vinavyobadilika rangi ni vizuri zaidi, unajua vimeshiba lini, unavikausha kwa joto dogo unavirudisha. Wakati wa masika vitashiba haraka kuliko unavyodhani.

Chini ya vibao ndiko kutu huanzia kwa watu wengi, kama ulivyoona. Jasho linaingia, haliwezi kutoka. Raba ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inabana. Madoa hayo yafute kwa kitambaa chenye mafuta na pamba ya chuma iliyo laini kabisa, taratibu, bila kusugua kama sufuria. Kisha kabla ya kurudisha vibao paka nta ya kung'arishia samani, tabaka jembamba. Nta inakaa pale ambapo mafuta yangekimbia.

Ukitaka kupaka upya kabisa, una njia kadhaa. Kuna bluu mpya, inayopikwa kwenye chumvi za kemikali zinazochemka nyuzi 140 hivi. Inapendeza lakini itarudi hapo hapo kwa hewa ya Raskazone. Kuna ngozi ya fosfati ya kijivu, ile waliyoitumia sana majeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Haing'ai, lakini ina vinyweleo vinavyonywa mafuta na kuyashika. Kwa pwani naiheshimu sana. Kuna kromu ngumu, na kuna rangi za kauri zinazopulizwa na kuokwa. Hata bastola za chuma kisichoshika kutu, usidanganywe na jina, zinashika kutu kwenye chumvi zikiachwa. Zinachelewa tu. Lolote utakalochagua, lifanywe na fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, na namba ya silaha ibaki inasomeka wazi. Namba ikifunikwa au ikisuguliwa umeingia kwenye kosa kubwa, wala hakuna atakayekusikiliza ukisema ilikuwa rangi.

Springi nzito: usifanye. Bastola ya urefu wako ilikusudiwa springi ya ratili 16. Ukiweka nzito sana, slaidi hairudi nyuma vya kutosha, ganda linakwama, na wakati wa kwenda mbele inajipigiza kwa nguvu zaidi, mdomo wa bastola unazama na wewe unachelewa kulenga tena. Inakimbia hata kuliko magazini inavyoweza kuinua risasi inayofuata. Unachohitaji ni springi MPYA ya ratili zile zile. Springi zinachoka. Mafundi wengi huibadilisha kila baada ya risasi 3,000 hivi, na yako sidhani kama imewahi kubadilishwa. Ukiiweka mpya utaona nusu ya malalamiko yako yameondoka.

Kifyatulio. Hapa naomba unisikilize kama mwanangu. Huyo fundi wa gereji asiiguse. Ndani ya 1911 kuna kinasa kidogo kinachoishikilia nyundo, na sehemu zinazokutana ni nyembamba sana, zimekatwa kwa pembe maalumu na kufanywa ngumu juu tu. Ukisugua kwa tupa unaondoa ile ngozi ngumu. Kwa siku chache itakuwa laini, utafurahi, utamsifu. Kisha nyundo inaanza kuanguka yenyewe slaidi inapofunga. Nimeletewa bastola iliyopiga risasi mbili kwa kubonyeza mara moja, mtu amesimama na familia yake nyuma. Na bastola inayoendelea kupiga ukishika kifyatulio mara moja, mbele ya sheria si nusu otomatiki tena. Utaeleza vipi? Vile vile, Colt nyingi za kuanzia mwaka 1983 zina kizuizi cha pini ya kupigia, kinachozuia risasi kutoka bastola ikianguka. Wapo wanaokitoa ili kifyatulio kiwe chepesi. Anayekushauri hivyo hakupendi.

Uzito wa kifyatulio mara nyingi ni uchafu. Mwombe fundi mwenye leseni aifungue yote, aisafishe, aweke mafuta mapya. Kisha fanya mazoezi ya kubonyeza ikiwa tupu, ukutani, risasi zikiwa chumba kingine kabisa.

Na kabla hujaigusa kwa lolote, mpangilio ni huu na haugeuzwi: toa magazini KWANZA, kisha vuta slaidi, angalia chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) kwa macho na upapase kwa kidole. Ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini umejipakilia risasi nyingine. Na 1911 haina kizuizi cha magazini: hata magazini ikiwa mezani, risasi iliyobaki chembani itatoka.

Mkono mdogo nimeuacha mwisho maana hilo lina dawa, na dawa yake ni ya zamani. Bastola hii aliibuni John Moses Browning. Jeshi la Marekani lilikuwa limetoka kupigana Ufilipino na bastola za .38 zilizowaangusha, mwaka 1904 wakafanya majaribio Chicago, wakaamua kaliba isipungue .45. Kwenye jaribio la mwisho mwaka 1911 bastola ya Browning ilipiga risasi 6,000 bila kukwama, ikapitishwa Machi 29 mwaka huo, ikakaa jeshini mpaka 1985. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari wenyewe walilalamika kama wewe. Mkono haufiki. Kwa hiyo miaka ya 1920 wakatoa toleo jipya, 1911A1: kifyatulio kifupi zaidi, fremu (mwili wa bastola) imekatwa kidogo nyuma ya kifyatulio kila upande ili kidole kipite, mkia wa usalama wa mshikio umerefushwa ili nyundo isiume ngozi, na kipande cha nyuma ya mshikio kimefanywa chenye tumbo. Unaona? Waliyagusa yale yanayokutana na mkono. Moyo wa bastola waliuacha.

Wewe fanya vivyo hivyo. Vibao vyembamba, kifyatulio kifupi cha kiwandani, na kama nyuma pana tumbo, weka kilichonyooka. Mara nyingi hivyo vinafungwa bila kusugua kitu. Hapo kidole gumba kitakifikia kitufe.

---

Mama Shabaha:

Shikamoo Fundi. Umenisemea mengi. Mimi ni mwanamke, mkono wangu bila shaka ni mdogo kuliko wa Mkonge, na napiga .45 hiyo hiyo uwanjani bila taabu. Naongeza machache ya mtumiaji.

Vibao vyembamba ndivyo vilivyonibadilishia kila kitu. Vya kawaida vina unene wa milimita 6 hivi kila kimoja, vyembamba ni kama nusu yake. Ukitoa milimita tatu kulia na tatu kushoto, mzunguko wa mshikio unapungua kiasi cha kushangaza. Angalia tu kwamba vibao vyembamba vinataka skrubu fupi na vikombe vifupi vya skrubu (vile vilivyomo kwenye fremu, skrubu zinamoingia). Ukilazimisha vile virefu vitagusa magazini.

Vilengeo: kabla hujaagiza vipya, nunua rangi ya kucha. Nasema kweli. Nyeupe chini, ikauke, kisha rangi ya chungwa kali juu, tone moja kwenye kilengeo cha mbele peke yake. Cha nyuma kiache cheusi. Jua la Tanga saa saba mchana utakiona kile cha mbele kimekaa wazi. Ukichoka unaifuta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Vile vya tritiumu vinavyowaka gizani ni vizuri lakini ni ghali, na mwanga wake unapungua nusu kila miaka 12 hivi, kwa hiyo ukiuziwa vya mtumba uliza mwaka wa kutengenezwa. Kukata mfereji mpya kwenye slaidi kwa ajili ya vilengeo vikubwa ni kazi ya mashine na ya fundi mwenye leseni. Anza na rangi ya kucha uone kama bado unavihitaji.

Teke: shika juu, kiganja kipandishwe mpaka chini kabisa ya mkia, mkono wa kushoto ujaze nafasi yote iliyobaki kwenye kibao. Viwiko visilegee. Bastola ya nusu otomatiki ikishikwa kwa kifundo kilicholegea inakwama hata kama haina ubovu wowote, kwa sababu slaidi inahitaji kitu kigumu cha kuegemea ili irudi. Watu wengi wanaosema "bastola yangu inakwama" wanatakiwa kutazamwa mikono kwanza.

Na masikio! Kila ninapokwenda uwanjani naona wanaume wameziba kwa pamba. Bastola hii mlio wake unapita desibeli 150, na sikio linaanza kuumia pale pale kwenye 140. Kinachokufa ndani ya sikio hakirudi. Nunua vizibo vya kweli na juu yake uvae vifuniko. Hilo ndilo boresho la kwanza ambalo ningelilipia, kabla ya mpingo na kabla ya rangi.

---

Seremala wa Ngamiani:

Habari za humu. Silaha sizijui sana, lakini mpingo ndio kazi yangu, na vibao vya aina hii nimeshachonga.

Kaka Mkonge, umechagua mti sahihi. Mpingo ni mzito, ukiutupa kwenye ndoo ya maji unazama. Una mafuta yake ya asili, haunywi jasho, haupindi ovyo masika yakiingia. Wazungu wanatengenezea zumari na filimbi zao kwa sababu hiyo hiyo: unakaa na mate na pumzi miaka nenda rudi na tundu halibadiliki kipimo. Lakini lazima uwe mkavu. Mpingo mbichi ukichongwa mwembamba utapasuka kwenye tundu la skrubu, na hapo huna la kufanya ila kuanza upya. Mimi natumia vipande vinavyobaki kwa wachonga vinyago, ambavyo vimekaa kivulini miaka. Ununue kwa mtu anayeweza kukuonyesha karatasi za mzigo wake, mti huu unalindwa.

Chagua kipande cha moyo mweusi. Ule ukingo wa njano unapendeza kwa macho lakini ni laini, utanyonya jasho na kubadilika rangi. Na usivipake vanishi. Msasa mpaka ule laini kabisa, kisha sugua kwa kitambaa na nta, basi. Vanishi inateleza mkono ukilowa, na ikibanduka inabanduka kama maganda ya kitunguu. Kama unataka visiteleze nitakuchongea mistari ya kukatizana katikati, ukingo nikauacha laini.

Jambo moja naomba uelewe: bastola usiniletee. Karakana yangu inaingia watoto wa shule, wateja, wapita njia. Niletee vibao vya zamani tu, na kipimo cha matundu. Kwa hivi virefu katikati ya tundu na tundu ni milimita 78 hivi, lakini nitapima mwenyewe kwenye hivyo vyako. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo ukikuta nimefunga uso usishangae.

---

Mkonge wa Pongwe:

Nawashukuru sana wote. Fundi, umenitoa kwenye hatari, ile gereji siendi tena. Desert Eagle nimemwambia binamu aombe yeye. Mama Shabaha, rangi ya kucha nimeshachukua ya mke wangu, kwa idhini yake.

Mpango sasa ni huu: silika na nta wiki hii, springi mpya na usafi wa ndani kwa fundi mwenye leseni, kisha vibao vyembamba vya mpingo. Rangi naahirisha mpaka nione madoa yanarudi au la. Nimebaki na maswali mawili. Je, kifyatulio kifupi na springi naweza kuagiza nje kwa posta mwenyewe? Na nikiipeleka kwa fundi, niiachie pale na kuondoka, au nikae?

---

Fundi Mstaafu, Sahare:

Mpango mzuri, sina la kuondoa.

Kuagiza kwa posta, usifanye kimya kimya. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuja kwa ajili ya bastola nzima peke yake, na afisa wa forodha akifungua bahasha akakuta kipande cha silaha hatajua wewe ni mtu mwema. Agiza kupitia muuzaji wa silaha mwenye leseni. Utalipa zaidi kidogo na utasubiri, lakini karatasi zitakuwa na jina lake na lako. Kabla ya hapo pita Chumbageni kwa afisa wa polisi anayeshughulikia leseni, mweleze unabadilisha nini. Vibao vya mbao na springi hatashangaa. Mtutu, slaidi, au chochote kitakachobadili kaliba, hiyo ni habari nyingine kabisa na usiianze bila kibali cha maandishi. Leseni yako imeandikwa kaliba, na ile iliyoandikwa ndiyo inayotakiwa kukutwa mkononi. Wakati wa uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 niliwaona watu wenye leseni halali kabisa wanahangaika kwa sababu silaha na karatasi havikusema kitu kimoja.

Kwa fundi: mkabidhi kwa maandishi. Daftari lake liandikwe namba ya silaha, tarehe, kazi inayofanywa, na saini zenu wote wawili, nakala ubaki nayo. Fundi mwenye leseni atakuwa na daftari hilo bila kuombwa. Akisita kuandika, chukua bastola yako urudi nyumbani. Risasi usiende nazo kwake. Akihitaji kujaribu atafanya hivyo kwenye uwanja unaoruhusiwa, nawe ukiwepo.

Ukiirudisha nyumbani, kabla ya kuiweka sefuni ifute jasho la safari. Kutoka mjini mpaka Raskazone kwenye bodaboda mchana wa kaskazi unafika umelowa, na alama za vidole peke yake zinatosha kuchora kutu usiku mmoja kwenye kingo zile zilizochubuka. Kitambaa cha pamba chenye mafuta kikae humo humo ndani ya sefu ili usikitafute.

Vibao ukimpelekea seremala, viweke kwenye bahasha pamoja na skrubu zake nne, na mwambie asizipoteze. Uzi wake ni wa aina ya pekee, hazifanani na skrubu yoyote ya duka la vifaa vya ujenzi pale Barabara ya 12, na anayelazimisha nyingine anaharibu vikombe vilivyomo kwenye fremu. Vibao vipya vikifungwa kwa skrubu fupi alizozitaja Mama Shabaha, kaza kwa mkono mpaka zikamate, kisha robo ya mzunguko, basi. Mpingo ukibanwa zaidi ya hapo unapasuka.